Paa la Manay Mining na Watu wa Sabang

Ijumaa hii, siku ya mwisho ya Februari, Bi Herminia Tapel anakabidhi funguo za chumba cha redio baada ya kuitumikia ofisi ya maafa ya mji wetu wa San Lucio kwa miaka thelathini na tatu. Mji mzima unamwita Manay Mining, yaani dada mkubwa, hata wale wanaomzidi umri. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Nimeuanza mara nyingi, na kila mara kalamu imerudi kwenye siku moja ya Novemba iliyopita. Ofisi yetu bado haijapona mshtuko wa siku ile.

Kwanza kazi yake. Aliajiriwa kama karani, wakati ofisi haikuwa na redio. Vimbunga vilitangazwa kwa kipaza sauti juu ya pikipiki yenye kigari cha pembeni, na mtangazaji akiugua, alipanda yeye. Mara ya kwanza alitangaza kwa sauti tamu kiasi kwamba watu wa sokoni walidhani ni tangazo la sikukuu ya mtakatifu wetu, wakauliza kama kutakuwa na muziki. Tangu siku hiyo alijifunza kufoka. Redio ilipofika, alikuwa ameshakuwa fundi wa kufoka.

Ramani ya ukutani ni yake. Kila taarifa ya hali ya hewa inapoingia, anachoma pini mahali kimbunga kilipo, anavuta uzi kutoka pini hadi pini, kisha anaunyoosha mbele kuona kitatugonga wapi. Wageni wanadhani swali kubwa ni ukali wa upepo. Manay Mining huwaambia ni upande. Sisi tumeelekea bahari kuu, mashariki. Kimbunga kikipita kaskazini yetu, upepo hutoka mlimani na kuyasukuma maji yaende zake. Kikipita kusini, upepo hutoka baharini na kutuletea maji yote mlangoni. Mlango wenyewe ni Sabang, kitongoji cha mdomo wa mto, ambako nyumba zimekaa juu ya mchanga.

Sasa nije kwenye siku ile.

Kimbunga Ulding kilikuwa kimefuatiliwa tangu kikiwa mbali, na asubuhi uzi wa Manay Mining ulipita kaskazini kabisa. Redioni alitangaza kama inavyotakiwa: watu wajiandae, wasikilize, wasiende baharini. Kabla ya saa sita mchana pini mpya ikakaa chini ya zile nyingine. Iliyofuata ikashuka zaidi. Aliunyoosha uzi, akaunyoosha tena, na mara zote mbili ukapita kusini yetu. Alitangaza papo hapo: Sabang ihame, iende shule ya kilimani, wote, sasa. Akarudia, akafoka, akarudia tena.

Kisha akampigia simu Manoy Isko, yaani kaka Isko, mwenyekiti wa Sabang, kuuliza kama magari ya kubeba wazee yametosha. Simu ilikuwa imefunguliwa sauti, ofisi nzima tukasikia.

“Magari ya nini, Manay?” alisema Manoy Isko. “Watu wanakula.”

“Wanakula? Isko, nimetangaza mpaka koo limekauka!”

“Tumekusikia. Leo umefoka vizuri sana. Bibi yetu Lola Sepa anasema hujafoka hivyo tangu mwaka ule wa mafuriko.”

“Sasa mbona mmekaa?”

“Paa lako halijafungwa, Manay.”

Hapa kwetu kila nyumba ina kamba zake za abaka, nyuzi ngumu za mmea wa jamii ya mgomba. Kimbunga kikija kweli, zinapitishwa juu ya paa na kufungwa kwenye vigingi ardhini, bati lisiruke. Nyumba ya Manay Mining iko kwenye mteremko, na mtu yeyote wa Sabang akisimama mlangoni kwake anaiona.

“Paa langu linahusu nini?” aliuliza Manay Mining polepole.

“Sisi tunaangalia paa lako, tangu zamani. Ukilifunga, tunahama. Usipolifunga, basi ni upepo wa kupita. Redioni unalipwa kusema, Manay. Paa ni la kwako.”

“Isko, nakuomba kama dada yako, toka huko!”

“Mimi ningetoka. Wazee ndio hawataki. Lola Sepa anasema hata nguo hujaanua.”

Sijui niieleze vipi sura ya Manay Mining wakati ule. Aliitazama ramani kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kufuli limebadilishwa. Miaka yote hiyo ya pini na uzi, kumbe waliokuwa hatarini zaidi walikuwa wakisoma bati la nyumba yake! Ginoo Sarmiento, mkuu wetu, alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Kilikuwepo, kwa bahati.

Baya zaidi lilikuwa hili, na Manay Mining amenipa ruhusa niliandike. Paa halikufungwa kwa sababu yake. Asubuhi, wakinywa kahawa, mumewe Manoy Berto alimuuliza kama atoe kamba, naye akamjibu, “Acha, kinapita kaskazini, usijisumbue.” Maneno ambayo redioni asingethubutu kuyasema, aliyasema mezani.

Alimpigia mumewe simu. Haikupokelewa. Hakuweza kuondoka, kwa sababu vitongoji vingine navyo vilimsubiri. Akavuta kipaza sauti.

“Edilberto Tapel! Kama unanisikia, amka! Chukua kamba, panda juu ya paa! Niliyokwambia asubuhi yafute. Kimeshuka kusini! Na nguo uanue!”

Mji mzima ulimsikia isipokuwa Manoy Berto. Amekiri mwenyewe hapa ofisini, bila aibu yoyote, kwamba hajawahi kufungulia kipindi cha mke wake. “Ananifokea bure nyumbani,” alisema. “Nimfungulie redio ya nini?”

Manoy Isko alitazama kilimani. Hakuna mtu juu ya paa. Akafanya jambo ambalo hadi leo tunasimuliana hapa ofisini na bado haliingii akilini. Hakuwaambia watu wake wahame. Aliwachukua vijana wanne, wakapanda mteremko mbio huku mvua ikiwapiga usoni, wakazitoa kamba uvunguni mwa nyumba ya Manay Mining, wakaanza kuzirusha juu ya paa. Manoy Berto akatoka na panga, akidhani wamemfuata nguruwe wake.

“Mnafanya nini juu ya nyumba yangu?”

“Tunakimbia kimbunga, Manoy!”

“Mnakimbilia juu ya paa?”

“Tukimaliza hapa ndipo tukimbie! Shika mwisho huo, kaza!”

Alishika, akakaza. Wakaanua na nguo. Kisha wakateremka tena hadi Sabang, wakageuka, wakalitazama lile paa walilolifunga kwa mikono yao wenyewe, na wao wenyewe wakaogopa.

Lola Sepa, mzee kuliko wote pale, alikuwa mlangoni kwake.

“Amefunga,” alisema. “Leteni kuku wangu.”

“Lola, tumefunga sisi,” mjukuu wake alimwambia, angali anahema.

“Limefungwa au halijafungwa?”

“Limefungwa.”

“Basi unabishana na nani? Nibebe.”

Sabang ilihama yote, na jogoo wake. Kabla giza halijaingia, upepo uligeuka ukatoka baharini, kama uzi ulivyosema, na bahari ikapanda mtoni. Asubuhi yake Manay Mining aliteremka kwenda kuangalia. Palikuwa na mchanga na goli la mpira wa kikapu. Nyumba hakuna. Kisha akapanda hadi shuleni, akampita kila mtu akimgusa bega, kama anayehakikisha kwamba ni wa kweli. Hakukosekana hata mmoja.

Watu wa Sabang walikataa kuondoka shuleni, hata jua lilipotoka. Walimu wakalalamika. Ilibidi Manoy Berto apande afungue kamba ndipo waanze kukusanya mikeka, wateremke kujenga upya.

Tangu hapo Manay Mining alibadilisha namna ya kutangaza. Kila tahadhari aliyosoma baada ya siku ile ilimalizika hivi: “Na nyumbani kwangu, nimemwambia Berto hivi na hivi.” Ginoo Sarmiento aliwaza kwanza kama utaratibu unaruhusu, kisha akasema hajali. Kimbunga kilichofuata, Desemba, Sabang ilikuwa shuleni kabla magari hayajafika.

Manay, ofisi inakushukuru kwa kila pini na kila uzi. Inakushukuru kwa koo lako. Watu wa Sabang wamekusokotea kamba mpya ya abaka, nene, na utakabidhiwa Ijumaa mbele ya wote. Tunamshukuru pia Manoy Berto, na tunamwomba sasa anunue redio.

Kuanzia Jumatatu sauti nyingine itasoma tahadhari. Mwenye sauti hiyo bado hajui kufoka, anajifunza. Na nyumba ya kwao iko nyuma ya kanisa, haionekani kutoka Sabang. Kwa hiyo tunakutakia mapumziko marefu yenye afya, kahawa ya taratibu na wajukuu wengi, ila jambo moja tunakuomba usilistaafu. Ukiisikia sauti hiyo ikisema kusini, usingoje imalize. Panda ufunge paa, Manay. Watakuwa wanakutazama.