Boksi la Vipimo la Mama Marietha

Mgeni rasmi, viongozi mliofuatana naye, wazee wetu shikamooni, na ninyi nyote mliokaa juani kwa kuwa maturubai hayakutosha:

UKARIBISHO

Sisi wakazi wa kitongoji cha Bwawani, hapa Issuna, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Umekuja kutupongeza kwa kuwa malaria imetupa kisogo, na kututia moyo katika safari ya taifa zima ya kuitokomeza. Tumefurahi mno. Risala hii tumeiandika sote, na kila tulipokwama watu walisema, "Semeni habari za Mama Marietha." Basi tutazisema. Yule pale, mwenye kitenge cha kijani, aliyeinamisha kichwa. Hapendi kusemwa, lakini leo atavumilia.

HISTORIA

Mama Marietha ni mhudumu wa afya wa kitongoji chetu. Kazi hii aliianza baada ya kumzika Gabrieli, mtoto wake wa kwanza, aliyekufa kwa malaria masika moja, wakiwa bado njiani kwenda zahanati. Kwa muda mrefu kila mbu alipolia sikioni, alimsikia mwanawe.

Kisha akaanza kuota. Ndoto ni ile ile. Mtoto mdogo amekaa kizingitini, anatafuna karanga, anamwuliza, "Bibi, malaria ni nini?" Marietha anatafuta maneno ya kumjibu, anayakosa, anacheka mpaka anaamka. Akiamka mashavu yamelowa, naye hajui kama ni kicheko au ni Gabrieli.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, nyumba zetu zilipulizwa dawa na vyandarua tukagawiwa. Lakini kila mtama ulipokaribia kuiva, homa ilirudi. Wataalamu walishangaa, na sisi tukawasaidia kushangaa.

Asubuhi moja Mama Marietha alipita nyumba hadi nyumba akibisha hodi. Kimya. Akachungulia ndani: vyandarua vimefuliwa, vimetundikwa vikatundikika, na chini yake hakuna mtu. Akaketi kwenye kigoda cha Haji, jirani yake, akacheka peke yake kama mwehu. Sote tulikuwa mashambani, juu ya madungu, tunalinda mtama usiliwe na ndege wala mifugo ya watu. Vyandarua vililala nyumbani, sisi tukalala shambani. Jamani!

Alimfuata Haji huko huko shambani.

"Haji, chandarua chako kinamlinda nani?"

"Shikamoo mama. Kinalinda kitanda. Huku kitachafuka."

"Marahaba. Kichafuke, utakifua! Wewe ukiingiwa na malaria, nitakufua kwa sabuni gani?"

Haji alirudi nyumbani kukichukua. Jioni ile akakitundika juu ya dungu lake, na kabla ya juma kwisha tulimwiga wote. Wachungaji waliopita barabarani walipiga kelele, "Huko kuna harusi ngapi?" Na kweli palipendeza. Jua likizama, vyandarua vile vyeupe vilielea juu ya mtama kama mawingu yaliyoshuka kupumzika. Mama Marietha alisimama njiani akavitazama mpaka akasahau alikokuwa anakwenda. Alihisi mtoto wa kizingitini yuko karibu, yuko hapo tu nyuma ya mabua. Mwaka ule homa haikurudi. Hata ndege waliogopa, tukavuna vizuri.

CHANGAMOTO

Homa ilipopungua, tukaonekana hatuna shida. Tuliambiwa vipimo vya wahudumu wa vitongoji vitapelekwa kwanza penye wagonjwa wengi. Hatuna kinyongo, wenzetu nao wanaumwa. Ila malaria huja na watu. Huja na kijana anayerudi kutoka machimboni, na mfanyabiashara wa vitunguu, na shemeji aliyekuja kusalimia. Mbu wetu wapo, wanamngoja mmoja tu wa kuwapa kazi. Ndiyo maana hapa kwetu msafiri mwenye homa hupimwa kabla hajamaliza kusalimia.

Sasa Rebeka, binti wa Mama Marietha, ni mjamzito na siku zake zimekaribia. Mtoto wa ndotoni amepata njia ya kuja, na bibi yake anaogopa asije akaikuta malaria imemtangulia mlangoni. Kila asubuhi analitikisa boksi lake la vipimo sikioni. Limezidi kuwa jepesi. Hadi juzi kilibaki kimoja, akamwambia Rebeka, "Hiki ni chako. Hakigusi mtu."

MAOMBI

Mgeni rasmi, tulikuwa na maombi mengi: barabara, josho, na kisima cha pili. Tumeyafuta yote. Sikiliza lililotokea.

Juzi liliingia gari lako la kutangulia, lililoleta maturubai na vipaza sauti. Dereva wako, Benson, alishuka akitetemeka na jua linawaka. Akasema ni uchovu tu wa safari, ametokea kazini Kanda ya Ziwa. Mama Marietha alimtazama, kisha akamtazama Rebeka, aliyekuwa anafagia uwanja huu tulioukalia. Akafungua boksi.

"Mama, si ulisema hicho ni changu?"

"Ni chako, mwanangu. Ndiyo maana nampima huyu."

Mistari ikatokea miwili: ni malaria.

Benson alipelekwa zahanati akapewa dawa mseto, akalala kwa Haji chini ya chandarua kile kile cha dungu, mbu wetu wasimguse. Leo ana nafuu. Yule pale kando ya gari, anacheka. Benson, punga mkono wakuone. Lakini majirani wa pale alipolala tungependa kuwapima, na hatuna cha kuwapimia.

Punde utapokea zawadi zetu: jogoo, asali ya Bwawani na mafuta ya alizeti. Mwisho kabisa Mama Marietha atakuja kukukabidhi boksi lake. Tafadhali litikise sikioni, kama afanyavyo yeye. Cha mwisho kilichokuwemo tumempimia mtu wako. Tunakuomba uondoke nalo, ukaliweke mahali utakapoliona kila siku, kisha uturudishie likiwa zito.

Mungu akufikishe salama nyumbani, awape mvua ya kiasi wote wanaolima, na amlete mtoto wa Rebeka akue mpaka atuulize swali ambalo sote tutashindwa kulijibu.

Ni sisi wako,
Wakazi wa Kitongoji cha Bwawani, Issuna.