Mwenye Sauti Kubwa

Benchi la mbele ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na waliolizoea wanajua upande wa kukalia. Jioni hiyo upande mzuri alipewa Kisigino, fundi viatu, aliyetoka mahabusu juzi baada ya kuzolewa kwenye msako wa wachuuzi, yeye na sindano zake na gundi yake. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akimtazama Mama Kahawa akimimina. Alikuwa na neno la shukrani la kumwambia, lakini wenzake hawakumpa upenyo. Walikuwa wanabishana nani kamtoa.

— Katiba imemtoa, alisema Profesa, karani mstaafu. Wahenga walinena, haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo inaingiaje hapo? akauliza Kinyozi kutoka mlangoni, mkasi mkononi.

— Inaingia tu. We huoni kibaba kimejaa?

— Wacha we! Ni nguvu ya umma. Wakubwa waliona wavuja jasho wanachemka, matumbo yakawauma.

— Wamechemkia wapi? Mbona we ulikuwa hapa unanyoa?

— Nilikuwa nachemka ndani kwa ndani!

Profesa akapandisha sauti, Kinyozi akapandisha zaidi. Yakaja mataifa makubwa, ikaja setilaiti inayohesabu mahabusu kutoka juu mawinguni.

— Setilaiti haioni chini ya bati!

— Inaona joto! Kisigino ana joto kama pasi, hebu mguse!

Kisigino akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Kisha akasema:

— Jamani, kule kituoni walikuwa wanakana kwamba nimo. Mke wangu walimrudisha mlangoni. Kesho yake nikasikia huko nje, "Kisigino! Upo?" Kumbe mama huyu hapa, na birika lake. Nikajibu, "Nipooo!" Foleni nzima ya waliokuja kuona ndugu zao ikasikia. Nani angenikana tena? Na kila siku alikuja akaniita. Mama, Mungu akulipe. Mimi sina cha kukulipa.

— Kunywa, mwanangu, inapoa.

— Mama, hiyo uliyofanya ni falsafa kamili, akasema Profesa. Ina jina lake vitabuni.

— Mie nilijua jina la huyu tu.

Hapo akafika dada mmoja, vumbi mpaka magotini, macho mekundu.

— Shikamooni. Kaka yangu kachukuliwa asubuhi, na kituoni wanasema hawamjui. Nimeambiwa hapa ndipo wanapokaa watu wanaowaita mahabusu kwa majina. Nani hapa ana sauti kubwa?

Profesa akachunguza machicha ya kikombe chake. Kinyozi akakumbuka kwamba sakafu ina nywele.

Mama Kahawa akafunga kifuniko.

— Kahawa imekwisha, akasema, na birika bado linafuka.

Kisigino akainuka. Benchi likapinduka upande wa Profesa, ikambidi naye asimame, na aliposimama hakukaa tena. Kinyozi akavuta mlango wa duka, na mteja wake akatoka naye, kanyolewa upande mmoja.

Profesa akamsogelea yule dada. Sauti yote ya jioni ilikuwa imemwishia.

— Haya, mwanangu. Anaitwa nani?