Siku Arobaini na Moja za Tangi Tupu

Ijumaa hii, tarehe 14 Novemba 2025, Mzee Method Mboje, fundi sanifu wa maabara ya shule yetu hapa Bariadi, anatimiza miaka sitini na kustaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika wasifu wake, ikasisitiza uwe wa kuchangamsha. Nitajaribu. Lakini Mzee anaondoka na barua ya onyo kwenye jalada lake, ya kwanza na ya pekee, na kwa sababu ya barua hiyo jina lake limeondolewa kwenye orodha ya watakaopewa cheti cha utumishi uliotukuka. Siwezi kuandika habari zake nikairuka barua hiyo.

Mzee alizaliwa Mwamapalala, kwa wakulima wa pamba. Aliajiriwa Novemba 1991, akaanzia Mwanhuzi, akahamia kwetu mwaka 2003. Kwa miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyetoka kwenye maabara yake ameungua tindikali. Kila chupa ina tarehe kwa mwandiko wake. Ukichukua kipimajoto bila kusaini, umekwisha: atakufuata hadi ofisi ya walimu, atakupa mwangaluka, salamu yetu ya Kisukuma ya asubuhi, kwa upole wote, kisha atasimama hapo kimya mpaka ukitoe. Makamu wetu, Mwalimu Salu, alifuatwa mara tatu kwa wiki moja, na mara ya tatu alikitoa kabla hajasalimiwa.

Mei mwaka huu, mwanafunzi wetu wa zamani, Lucy Machibya, anayefanya utafiti wa bahari huko pwani, alituletea zawadi: tangi la kioo la lita mia tatu, pampu, taa, chumvi ya bahari na mawe ya kujengea mwamba. Alitaka mtoto wa Bariadi ambaye hajawahi kuiona bahari ayaone matumbawe yakiwa hai. Tulishangilia sana. Tukauliza samaki wanaingia lini, Jumatatu au Jumanne? Mzee akajibu kwamba wataingia vipimo vitakaporuhusu. Loh, tulivyomcheka!

Alikinga maji ya mvua, akayachuja, akayachanganya na chumvi taratibu huku akipima. Akapanga mawe, akawasha pampu, akaweka joto la nyuzi ishirini na tano. Kisha akatumbukiza dagaa wawili waoze. Ndiyo, waoze. Alitueleza kwamba kinachooza hutoa amonia, nayo ni sumu kwa samaki. Bakteria wakizaliana kwenye mawe huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ikiwa kidogo samaki huivumilia. Hao bakteria hawanunuliwi kwa haraka zetu. Kila asubuhi alipima na kuandika: amonia ikapanda, ikashuka, nitriti ikapanda, ikagoma kushuka. Mkuu wa shule alitaka samaki wawemo siku ya wazazi. Mzee akakataa, akamwomba radhi, akakataa tena.

Mjini maneno yakaenea. Mtu mzima kila siku analisha tangi tupu lenye taa, anaongea na maji, anaandika daftarini! Mama Kwandu wa usafi aligoma kuingia maabara kwa wiki tatu, akidai kuna kitu kinafugwa mle ambacho sisi hatukioni. Mzee alimjibu kwamba ni kweli kabisa, na ndicho anachokisubiri. Jibu hilo halikusaidia.

Siku ya arobaini na moja amonia ikasoma sifuri, nitriti sifuri. Akabadilisha sehemu ya maji ili kupunguza nitrati, akawaingiza konokono wa baharini kwanza, akawaangalia kwa wiki mbili. Ndipo Lucy akatuma kamba watatu, samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa, na vipande vinne vya matumbawe vilivyooteshwa kwenye shamba la baharini. Mzee alikaa nao saa nne akiwadondoshea maji ya tangi tone kwa tone ili wayazoee. Kidato cha pili walipanga foleni hadi nje. Mama Kwandu alikuja pia, akasimama mlangoni, akalia.

Mwishoni mwa Agosti Mzee alifiwa na dada yake, akaenda msibani Mwanhuzi kwa siku tatu. Tangi alimwachia mwalimu mmoja wa baiolojia. Alimweleza kwamba maji yakipungua aongeze maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa yanayopotea hewani ni maji tu, chumvi inabaki. Mwalimu huyo ni mimi.

Siku ya pili maji yalikuwa yameshuka vidole vinne. Ukingoni palikuwa na ukoko mweupe wa chumvi, na kamba walionekana wamelegea. Nikajiaminisha kwamba chumvi inatoroka. Nina shahada ya baiolojia, jamani, lakini saa ile kichwani lilikuwepo boma la baba yangu tu, ambako ng'ombe akidhoofika kiangazi anapewa chumvi. Chumvi ya bahari ilikuwa stoo, na ufunguo ulikuwa kwa Mzee. Niliona aibu kumpigia mtu aliye makaburini. Nikaenda duka la dawa za mifugo, nikanunua chumvi ya madini ya ng'ombe, nikamimina mabakuli mawili.

Asubuhi konokono walikuwa wamelala chali. Kamba wote wamekufa. Matumbawe yalikuwa yanatoa ute na kuchunika kama ngozi iliyoungua. Samaki walihema siku mbili zaidi. Chumvi ile huwekwa shaba makusudi, kwa afya ya ng'ombe, na shaba kidogo tu inawaua konokono, kamba na matumbawe.

Mzee aliporudi aliukuta mfuko chini ya meza yangu. Alivaa miwani, akasoma orodha ya madini, akaukunja, akautia mfukoni. Ofisini walipotaka kujua nani kafanya, alisema tangi liko chini yake na kosa ni lake. Nilikuwa kwenye muda wa majaribio kazini, na alijua wangenifukuza. Alipotoka aliniambia kwa sauti ndogo, mayu, wewe fundisha watoto. Akapokea barua yake, akaenda kuosha vioo. Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, ndivyo anavyotuita walimu wa kike wote, kama binti zake.

Nilithibitishwa kazini tarehe 20 Oktoba. Tangu siku hiyo sikuwa na kisingizio, na bado nikanyamaza siku ishirini na tano nyingine. Nimewasikia mkimtania kwamba Mzee kawapika samaki wa shule. Na mimi nilicheka pamoja nanyi. Ninaona haya kuliandika hilo kuliko mengine yote.

Mawe yenye shaba hayasafishiki, tumeyatupa. Mzee ameanza upya na mawe mengine, na leo ni siku ya kumi na tisa. Nitriti iko juu sana. Anastaafu kabla haijashuka, na samaki wengine hatawaona. Daftari amenikabidhi mimi, Mungu wangu, kati ya watu wote.

Baba Mboje, shule hii inakushukuru kwa miaka thelathini na minne, na inakuombea afya, mvua za kutosha shambani na usingizi mtamu huko Mwamapalala. Mimi kukushukuru sijui nianzie wapi. Barua ya kukiri nimeikabidhi kwa Mkuu leo asubuhi, kabla kurasa hizi hazijachapwa, nikaomba jina lililo kwenye onyo lile lifutwe na liandikwe hili langu: Veronica Mayige.