Dakika Tatu za Bi Mwatima

Ijumaa, tarehe 31 Agosti 2018, Bi Mwatima Talib Nyange anakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na minne ya kulitumikia Shirika la Mizigo Mwambao, tawi la Wesha. Wengi wetu hapa hatujafikisha hata umri huo. Mwandishi wa wasifu huu, Jawaher wa masijala, alikuwa hajazaliwa Bi Mwatima alipoanza kuwakemea manahodha.

Mzaliwa huyu wa Wingwi aliajiriwa Septemba 1984 kuwa opereta wa redio ya upepo. Chumba chake kilikuwa na redio, daftari, na saa ya ukutani yenye vipande viwili vya kijani. Kila saa kamili na kila nusu saa, mshale ukiingia kwenye kijani, vituo vyote vilinyamaza kwa dakika tatu, ili chombo kilichopatwa na matatizo kisikike hata kama sauti yake ni dhaifu. Maopereta wengine walizitumia dakika hizo kunywa chai. Bi Mwatima hakukohoa. Mwaka 1996, ndani ya dakika hizo, alimsikia nahodha ambaye boti yake ilikuwa imeingia maji, na watu tisa wakarudi nyumbani kwao. Hapendi hadithi hiyo isimuliwe, kwa hiyo tunamwomba radhi kwa kuisimulia.

Aliyezungumza naye zaidi hewani ni opereta wa kituo chetu cha Kilwa, mwanamke mwenziwe. Sheria ya redio haikuruhusu majina ya watu, basi huyu alikuwa Wesha na yule alikuwa Kilwa. Kwa miaka kumi na tisa walijuana kwa vikohozi, kwa watoto waliolia nyuma ya maikrofoni na kwa sauti zinazokauka mwezi wa Ramadhani. Uchaguzi wa vyama vingi ulipowafanya majirani wasisalimiane, Wesha na Kilwa waliendelea kuulizana hali ya bahari kama kawaida. Jina hawakuulizana hata siku moja. Bi Mwatima aliishika sheria ile kama mtu anayeshika udhu.

Jioni moja ya Juni 2005, Kilwa alianza kumweleza jambo, na wakati huo huo boti ikaita gatini. Bi Mwatima akasema, "Kilwa, subiri," akaenda kuihudumia boti. Aliporudi umeme ulikuwa umekatika. Asubuhi alipofika kazini aliikuta nguzo ya redio imelazwa uani. Simu za mkononi zilikuwa zimeingia, na uamuzi wa kufunga vituo vyote ulitekelezwa kabla barua ya kuutangaza haijafika.

Alihamishiwa dawati la kupokea mizigo, akalifanya liwe dawati lenye nidhamu kuliko yote kisiwani. Lakini neno lile lilimkaa rohoni. Alimwambia mtu asubiri, kisha hakurudi. Aliandika barua kwa "Opereta, Kilwa", ikarejeshwa. Kumtafuta mtu usiyemjua jina ni kazi ngumu, na sisi vijana tulimcheka kidogo, jambo ambalo leo linatuaibisha.

Mwaka 2017 mwandishi huyu aligundua programu ya kompyuta inayoigiza redio ya upepo kwa njia ya intaneti. Kwenye skrini kuna kitufe cha kuzungushia masafa, kuna mikwaruzo ya mawimbi ya kubuni, na wapenzi wa redio wa dunia nzima wamo humo wanaitana. Kuipakua kulichukua tangu chai ya asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Kujiandikisha kulikuwa rahisi: jina, barua pepe, na programu inakupa alama yako ya wito, yaani herufi za kuitwa hewani.

Kazi ilikuwa kumshawishi Bi Mwatima afungue kinywa. Kwanza alitaka leseni. "Miye sitii sauti yangu hewani bila ya karatasi ukutani," alisema, ikabidi tuchapishe ile barua pepe ya usajili na kuitia fremu. Kisha akataka kuonyeshwa antena. Tulimwonyesha kisanduku cha intaneti dirishani, akakifuta vumbi, akakipandisha juu ya kabati ili kione mbali. Ngurumo ikisikika upande wa Mgogoni, alikichomoa. Tulicheka mpaka radi ilipounguza kompyuta mbili za jirani zetu na yetu ikasalimika.

Namna ya kusema aliijua kuliko sisi: unabonyeza kitufe kirefu cha kibodi, unasema, unaachia, unasikiliza. Kosa letu sote ni kusahau kuachia. Yeye hakusahau hata mara moja. Ile saa yenye kijani ilirudi ukutani, na ofisi nzima ikajifunza kunyamaza kila nusu saa kwa ajili ya bahari isiyokuwepo. Tulimkumbusha kwamba humo hamna chombo kinachoweza kuzama. Alitujibu, "Nyie mnajuaje?"

Wakati wa mapumziko ya chai alizungumza na Mbrazili, na mwalimu mmoja wa Italia, kwa Kiingereza chake cha kituoni. Siku moja ya Machi mwaka huu alimsikiliza yule Mwitaliano akizungumza na mtu mwengine, ambaye mikwaruzo ilimfanya asitambulike. Ilipotimu saa nne na nusu, mtu yule alinyamaza katikati ya sentensi. Saa nne na dakika thelathini na tatu akaendelea. Bi Mwatima akaandika kwenye daftari lake. Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa.

Siku ya nne aliingoja dakika ya thelathini na tatu ipite. Akabonyeza kitufe kirefu. Akaita kwa Kiswahili, "Kilwa, Kilwa, hapa Wesha." Akaachia kitufe. Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima ikajibu, "Wesha, hapa Kilwa. Bado nasubiri."

Hatukuwahi kumwona Bi Mwatima akilia kazini ila siku hiyo. Alipojifuta macho alivunja sheria ya miaka yote, akauliza jina. Ni Bi Somoe.

Leo Bi Somoe yumo ukumbini, safu ya mbele. Alishuka kwenye meli jana, na hii ni mara yao ya kwanza kuonana. Tunaomba wageni wote wanyamaze inapotimu saa nne na nusu, kwa dakika tatu, kwa heshima ya mtu aliyetusikilizia bahari.

Bi Mwatima, ahsante. Mola akupe afya, usingizi wa kutosha na intaneti isiyokatika huko Wingwi. Dakika ya thelathini na tatu ikifika, mgeukie mwenzako. Lile alilotaka kukueleza mwaka 2005 anasema hajakwambia bado.