Handaki la Mtaa wa Kiwandani na Chaneli 17: Maneno ya Wakazi kwa Seneta Vickery

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Seneta Honora Vickery, Bwana Wendell Crouse, Mwenyekiti wa Baraza la Mji wa Tamsett, wajumbe wa Baraza, mchungaji wetu, majirani mliopata viti na mlioegemea ukuta:

Sisi wakazi wa Mtaa wa Kiwandani tunakukaribisha. Barabara ya mlimani ina ukungu leo, na ungeweza kumtuma msaidizi, lakini umekuja mwenyewe. Tunakushukuru. Kahawa na keki za tufaha ziko meza ya nyuma, kwa hisani ya akina mama wa kanisa.

Tuna ombi moja la kutangulia maombi mengine: usikilize risala hii mpaka mwisho kabla hujasogelea kitufe chekundu cha kuzindulia pampu kilicho nyuma ya utepe. Msomaji ni mimi, Dorcas Lemieux, niliyeshika kamera ya Chaneli 17 kwa miaka kumi na tisa. Maneno ni ya kaya thelathini na nne.

HISTORIA

Chini ya mtaa wetu kuna handaki la majitaka la matofali, lililojengwa na kiwanda cha karatasi enzi za babu zetu. Mtu mzima hupita humo akiinama. Kiwanda kilikufa, handaki likabaki. Kila nyumba ina chumba cha chini, na kila chumba cha chini kina tundu sakafuni linaloelekea humo. Sauti husafiri katika handaki hilo kama maji. Ukikohoa nyumba ya kwanza, wa nyumba ya tisa anakutakia afya.

Chaneli 17 ilikuwa televisheni ya mji, katika chumba kimoja juu ya kituo cha zimamoto. Ilionyesha vikao vya Baraza, mechi za magongo za watoto wa shule, na mazishi, kwa ajili ya wale ambao watoto wao wako mbali. Na kila Alhamisi ilikuwa na kipindi cha Ovila Thibault, fundi wa majitaka wa mji, kilichoitwa Chini ya Miguu Yetu.

Mheshimiwa, hukubahatika kumjua Ovila. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzito, tena mcheshi. "Jamani," alikuwa akisema, "kitambaa si karatasi! Jana nimeopoa meno ya bandia. Mwenyewe ajitokeze, mimi simtaji mtu. Harvey, yako kwenye kopo."

Kipindi hicho kilirudiwa kila siku saa tisa alasiri. Wengi wetu tuliacha televisheni ikiongea peke yake huku tunapika. Sauti ya Ovila ilikuwa kama saa ya ukutani: ipo, lakini huisikii.

MAFANIKIO

Tumepata kituo hiki kipya cha pampu na bomba jipya. Hatusemi hilo kwa kejeli. Asiyewahi kusimama katika majitaka yanayofika vifundoni, huku mablanketi aliyoshona mama yake yanaelea, asituchekee tukishukuru.

Baraza pia lilifanikiwa kubana matumizi. Mwaka juzi lilipitisha kwamba mji ubaki na fundi mmoja wa majitaka badala ya wawili. Kikao hicho nilikirekodi mwenyewe. Ovila alisimama, kofia mkononi.

"Mwenyekiti, mkiniondolea mwenzangu, siku nikianguka kule chini nani ataita watu?"

"Si utapiga simu, Ovila?" Bwana Crouse alijibu.

"Kule chini simu haishiki."

"Basi piga kelele. Sauti unayo!"

Ukumbi mzima ulicheka. Ovila naye alicheka. Kura zikawa tatu kwa mbili.

CHANGAMOTO

Tarehe kumi na nne Aprili mwaka huu, theluji ilipokuwa ikiyeyuka, handaki liliziba. Ovila alishuka peke yake saa tisa kasoro kupitia chemba iliyo mbele ya kiwanda. Mkewe, Rosalie, alimshikia ngazi. Alimwambia, "Nusu saa tu, mama. Usiache supu iliyobaki iishie mezani kwa jirani." Hakutoka.

Zimamoto walitafuta siku mbili. Dari lilikuwa limeporomoka nyuma yake, na upande wa mtoni maji yalijaa hadi juu. Tarehe kumi na saba waliteremsha kamera ya magurudumu, ile inayotambaa kwenye mabomba, na mimi nikairusha picha yake moja kwa moja kwenye Chaneli 17. Mji mzima uliiona. Hapo kifusi kilipoishia, juu ya maji, kulikuwa na ukingo mkavu. Juu ya ukingo palikuwa na kopo la chakula, limefunguliwa. Karibu yake, ukutani, alama ya kiganja chenye matope, bado mbichi.

Kisha waya ulinasa, picha ikakatika. Bwana Crouse alisema kiganja hicho kingeweza kuwa cha siku yoyote.

Wakati huo majitaka yalikuwa yakipanda katika nyumba zetu kwa siku ya tano. Watoto walilala kwa shangazi zao. Tulinuka, tulichoka, tulitaka yaishe. Tarehe kumi na tisa Baraza lilikaa kwa dharura na kuleta maamuzi mawili: handaki lizibwe kwa zege pande zote mbili ili bomba la muda liwekwe, na Chaneli 17 ifungwe kwa kukosa watazamaji. Kikao kilirushwa hewani. Kilikuwa cha mwisho.

Mwenyekiti aliuliza kuhusu zege, "Kuna anayepinga?"

Mheshimiwa, tulikuwa watu mia na zaidi ukumbini. Bi Rosalie hakuwepo, alikuwa amepewa dawa ya kulala. Kamera yangu ilizunguka kutoka ukuta hadi ukuta ikitafuta mkono ulioinuka. Haikuupata. Wangu ulikuwa umeshika kamera. Hicho ndicho kisingizio changu, na nimekichoka.

Zege lilimwagwa tarehe ishirini na moja.

Sasa tunafika mahali ambapo risala nyingi huomba barabara na taa. Sisi tunaomba utuvumilie.

Bi Alphonsine Pelletier ana miaka themanini na mmoja na anaishi nyumba namba sita. Mwezi Mei alimwita fundi wa televisheni. "Baba, hebu nisaidie kuzima hiki kipindi cha Ovila. Kila saa tisa kinaongea tu, na mimi kinanitia simanzi."

Fundi alimtazama. "Bibi, Chaneli 17 haipo tena. Na televisheni yako haina hata umeme, angalia, waya huu hapa."

Saa tisa ilipofika waliisikia sauti ikitoka chini, kwenye tundu la sakafuni. Haikuwa ya kulia wala ya kuomba. Ilikuwa ya mtu anayeuliza njia. "Kuna mtu juu?"

Bi Pelletier akajibu, maana ndivyo alivyolelewa. "Tupo, Ovila."

"Haya. Sawa." Kisha maji.

Hapo ndipo kila nyumba ilianza kukumbuka. Namba nne walisema waliisikia tangu katikati ya Aprili, wakadhani ni marudio. Namba tisa walisema walipandisha sauti ya taarifa ya habari ili wasikilize vizuri. Sote tuliisikia, Mheshimiwa. Alipiga kelele kama alivyoshauriwa, nasi tulidhani ni televisheni.

Tulimwomba Bwana Crouse aje asikilize. Alikuja, akashuka kwa Bi Pelletier, akakaa dakika kumi. Alipopanda alisema, "Ni upepo." Lakini aliacha kofia yake kule chini, na mpaka leo hajaifuata. Tumeitundika msumarini.

Sauti haikukaa mahali pamoja. Juni ilikuwa namba sita, Julai namba kumi na mbili, Agosti namba ishirini. Ilikuwa ikipanda mtaa.

Mwezi Septemba, Jumapili baada ya ibada, tulichukua nyundo na misumeno ya zege, tukatoboa ukuta wa upande wa kiwandani, tundu la kupita mtu mmoja, kisha tukachimbua kifusi hadi kwenye ule ukingo. Tunajua ni kosa kisheria. Tuliofanya tumeandika majina yetu nyuma ya karatasi hii.

Tulipata kopo. Tulipata taa iliyokwisha betri. Tulipata chaki yake, ile ya kuwekea alama matofali ya kukarabatiwa, imebaki ndogo kama punje ya mahindi. Na ukutani aliandika, kwa mwandiko wa fundi, tarehe na neno:

Aprili 15. Mguu umevunjika. Nawasikia.

Aprili 17. Nimeona taa ya kamera. Nimepunga mkono.

Aprili 19. Nasikia kikao kupitia tundu la kwa Alphonsine. Ameuliza kama kuna anayepinga. Hakuna.

Aprili 21. Nasikia lori la zege.

Aprili 26. Mwambieni Rosalie supu ilikuwa nzuri.

Ya mwisho ni hiyo. Mwili wake hatukuupata. Ukingo ulikuwa mtupu na mkavu, na vumbi lilikuwa limetulia. Tulimwita, hakuna aliyejibu. Lakini Jumatatu wiki hii, mafundi waliokuwa wakifunga pampu katika jengo hili walipanda ngazi mbio saa tisa alasiri, wakaondoka bila kuchukua vifaa vyao. Mmoja alimwuliza mwenye duka, "Nani huyo anayeuliza kama kuna mtu juu?"

MAOMBI

Tunaomba mji uwe na mafundi wawili wa majitaka, wala asishuke mmoja bila mwenzake.

Tunaomba Chaneli 17 irudishwe. Tulipokuwa nayo hatukusikiliza vizuri, lakini sasa vikao vinafanyika milango imefungwa, na hata ukimya wetu hauna wa kuurekodi.

Ombi la tatu ni la leo. Tumeelezwa kwamba kitufe kikibonyezwa, maji ya ziada ya mji mzima yatageuzwa kuingia handaki la zamani, nalo litajaa hadi darini kwa dakika arobaini. Tunaomba usikibonyeze mpaka futi mia nne ambazo hatukuzifikia Septemba zipitiwe kwa taa, na Ovila apatikane akiwa katika hali yoyote ile.

Mheshimiwa, huenda umeona viti kumi na viwili vitupu mstari wa mbele. Si dharau. Bi Rosalie Thibault alishuka handakini asubuhi hii kupitia lile tundu, na majirani kumi na mmoja wameshuka naye, wakiwa na taa, kamba, machela na chupa ya chai. Mkubwa wao ni Harvey, mwenye umri wa miaka sabini na minne. Hawakuomba ruhusa, na wamesema hawatapanda bila Ovila. Sasa hivi wako chini ya viatu vyako.

Mungu akupe masikio mapana kuliko yetu, akufikishe nyumbani salama, na awape nuru walioko gizani.

Ni sisi, wakazi wa Mtaa wa Kiwandani, Tamsett: ishirini na wawili kwa niaba ya kaya zetu hapa ukumbini, na kumi na wawili chini.