Kitambaa cha Kamera

Mulki alipanda basi Kitale, Desemba ya 2009, bila hamu ya kusikia habari za matanga ya mtu. Lakini mzee wa kiti cha mbele, aliyepakata kamera ndogo, alikuwa na sauti ya mhubiri. Alikuwa akimwambia mama aliyeketi naye kwamba mpwa wake Hillary, anayeishi Amerika, aliweka kamera hiyo ya intaneti sebuleni kwa mamake, mtaani Kibomet, awe akimwona kila siku.

“Na mamake alipoanguka akafa, kijana hakuona?”

“Dada yangu alikuwa ameifunika na kitambaa cha kufuma, kama redio. Si unajua wanawake na vumbi?”

Wanawake tena, Mulki akawaza.

“Ati siku zote hizo mama amelala pale amekufa, mtoto anaangalia kitambaa tu, na hapigi simu?”

“Alisema akikiona anajua mama ako sawa, amesafisha nyumba.”

“Na wewe, mzee, ulikuwa wapi?”

“Si mtoto alikuwa anamwangalia, bana!”

Basi likasimama Kimilili. Steji ilikuwa vumbi tupu. Kabla ya kushuka, mzee alitoa kitambaa cheupe mfukoni, akaifunika kamera vizuri.