Mama Hélène Kabulo na Maji ya Zongwe (1971–2025)

Kamati ya Heshima ya Mazishi, katika tangazo lake namba 4, inajulisha watu wote kwamba, kwa kazi ya marehemu Profesa Hélène Kabulo, ziwa letu limethibitishwa kuwa mahali panapofaa kuliko pote duniani pa kunasa nyutrino, na kwamba fahari hiyo ni ya jimbo zima. Familia imeombwa kulisoma kabla ya wasifu. Limesomwa.

Mama Hélène alizaliwa Kirungu tarehe 17 Februari 1971, mutoto wa nne wa Papa Adalbert, mulimaji wa maharagi, na Mama Rebecca. Alisoma shule ya musingi palepale kwa masista, akapata dipilome ya Serikali hapa Kalemie mwaka 1990, na lisanse ya fizikia Lubumbashi mwaka 1997. Kuchelewa hakukutoka kwake. Masomo yalikuwa yanasimama na kuanza. Udaktari aliupata Ubelgiji mwaka 2004.

Kisha alitumika miaka kumi huko Ulaya, ndani ya maabara iliyochimbwa chini ya mulima. Nyutrino ni chembe ndogo zinazotoka kwenye jua. Zinapita ndani ya mawe, na ndani yetu sisi tulio hapa, wala hazigusi kitu. Mara chache sana moja hugonga maji, ukatoka mumweko mudogo wa mwanga. Kazi yake ilikuwa kukaa penye giza na kuungojea.

Aliolewa na Papa Hubert tarehe 12 Agosti 2006. Siku ya kujulishana, baba mukwe, Papa François, aliyestaafu reli, alimuuliza anafanya kazi gani.

— Tunangojea, Papa.

— Munangojea nani?

— Kitu kinapita.

— Na kikipita munakiona?

— Hapana. Tunaona tu alama kwamba kimepita.

— Ah! Hiyo kazi naijua, mwanangu. Mimi nimengojea treni ya Kabalo miaka makumi tatu.

Mahari ikapokelewa.

Mwaka 2014 alirudi Kalemie na shauri moja: maji ya ziwa yakiwa meusi na safi vya kutosha, chombo kikubwa cha kunasa nyutrino kingejengwa humu, na watoto wa hapa wangefanya kazi hiyo bila kupanda ndege. Ilibaki kupima. Agosti 2023 aliteremusha mbele ya kijiji cha Zongwe mupira wa kioo wenye vipimo ndani, ukae miezi kumi na miwili bila kuguswa, maana hata uchafu unaotua juu ya kioo ulikuwa unapimwa. Mwezi wa tisa wa kungojea, muvuvi mumoja wa Zongwe, Chérubin, muntu wa adabu, alimufuata mpaka biro yake ya kazi.

— Mama Profesa, ile chupa yako ilikuwa na uchafu wa haya! Tumeivuta asubuhi nzima, nimeiosha na sabuni, nimeirudisha. Inang'aa!

— Aksanti, Papa Chérubin.

— Ndiyo vile. Chombo cha mama mukubwa hakiwezi kukaa na uchafu.

Alimupa chai. Alipoondoka, marehemu alichukua kalenda mupya, akaanza tena kuhesabu toka siku ya kwanza: 14 Mei 2024.

Mafigo yalimushika Novemba. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa Lubumbashi. Daktari alisema aende mara moja. Lakini kipimo kilisomwa kila juma, na aliyejua kukisoma ni yeye peke yake. Papa Hubert alimubembeleza, kisha akamukaripia kwa jina la mutoto wao: "Mama Arlette, maji hayatakimbia!" Akamujibu: "Hata miye." Alimaliza tarehe 14 Mei mwaka huu. Lubumbashi alifika tarehe 2 Juni, akafariki huko Ijumaa tarehe 20, saa ine za asubuhi.

Ameacha mama yake, Mama Rebecca, mwenye miaka 84. Mume, Papa Hubert. Watoto wawili, Arlette na Cédrick. Na mudogo wake Prospère, anayesoma haya. Bwana amupe pumziko lake.

Ripoti ya mwisho aliisaini mwenyewe tarehe 29 Mei, kabla ya safari. Ina kurasa makumi ine na moja. Ukurasa wa mwisho unasema maji ya ziwa letu hayafai.